Mashini Iliyotoka Nje

Ukuta wa chumba changu cha kulala una tundu, juu kidogo ya kitanda. Mume wangu alilitoboa mwenyewe mashini ya kuranda mbao ilipoingia nyumbani. Wanaume wanane waliibeba, wakaitua katika chumba cha mbele, na hakuna hata mmoja aliyetaka kuibeba tena. Chumba ni kifupi. Ubao ukipita kwenye mashini, kichwa kiligonga ukuta kabla mkia haujatoka. Bon, akatoboa. Tangu siku hiyo mbao zilitokea chumbani kwangu, na mimi nilisimama kando ya kitanda kuzipokea.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Shule nilisoma miaka mitatu tu, lakini kupokea ubao nilijua kuliko wenye diploma. Ukiuvuta unaharibu. Ukiuacha uiname, kisu kinauma mwisho wake. Unaushika tu, unarudi nao kinyumenyume taratibu, kama unaagana na mkwe. Nimezaa watoto sita katika kitanda kile, na siku zote kilikuwa na vumbi la mbao.

Mume wangu akafa. Kwenye matanga sikulia. Wanawake wakanong'ona kwamba nina moyo wa chuma. Uongo. Sikuwa na kitu chochote ndani, wala chuma. Matanga yakaisha, nikalala, siku baada ya siku.

Mashini ikabaki na mjukuu wangu wa kike. Alijifunza kwa babu yake tangu mdogo, na leo Mangobo nzima hakuna fundi wa kumshinda. Nasema hivyo na atakayebisha aje aone viti vyake. Umeme ukija, aliranda. Mbao zilitokea tunduni, nikazitazama zikipita juu ya miguu yangu na kuanguka kitandani, pu! Sikunyoosha mkono. Anaingia, anaziokota, ananiambia mimi bibi yake, "Pardon, Koko." Anatoka.

Kisha parokia ikamuomba viti virefu vya kanisa. Mbao za lifaki, mita tano kila moja. Ukubwa huo haungeenea hata chumbani kwangu.

"Koko, mashini itatoka inje," akaniambia, amekaa kwenye ukingo wa kitanda. "Asubui inaenda kwa barza, jioni inarudi ndani. Nitaifanyia miguu ya kutembea."

"Na wanaume wanane utawatoa wapi?"

"Hapana wanaume. Mimi na wewe."

Nikasema sawa. Nilijua maana yake. Mashini ikitoka, tundu halina kazi tena, na mimi vilevile. Nililijua hilo kama unavyojua kwamba mvua inanyesha kwa jirani.

Siku tatu alikwenda kwa jirani yetu, mwanaume mmoja tunayemwita tonton, anayechomelea vyuma. Aliokota roulements za pikipiki zilizokufa, zile pete zenye gololi ndani, akazivalisha mpira wa tairi. Akachukua mbao mbili nene, akazifunga chini ya mashini kwa bawaba za geti letu la zamani, moja kila upande, na magurudumu chini yake. Ukikanyaga ubao, magurudumu yanasukuma simenti, mashini inapanda upana wa kidole kimoja, ndoano inakamata. Ukipiga ndoano teke, magurudumu yanapanda, mashini inakaa kwa miguu yake minne. Lazima ikae hivyo. Mashini inayoranda huku iko juu ya magurudumu inatembea, na ikitembea inakula vidole.

Alikanyaga. Hakuna. Akaruka juu ya ubao kama chura. Hakuna. Yeye ni mwembamba kama mama yake.

"Koko! Kuya! Kilo zako zinahitajika!"

Nilitoka na kitenge changu cha kulalia. Tonton yule alikuwa amesimama pale, mikono kiunoni.

"Mama, panda! Fufu ya miaka yote hiyo isipotee bure!"

"Na wewe fufu uliyokula ilienda wapi, mbona ukikanyaga hata paka hasikii?" nikamwambia. Mdomo wangu ulisema wenyewe. Nikapanda. Chuma kikalia, ndoano ikasema taa! Upande wa pili vilevile. Wakaisukuma hadi nje, wao wawili tu, mimi nikishika mlango. Nikarudi kulala.

Chumba cha mbele kilibaki kitupu. Kupitia tundu niliona mlango, na nje ya mlango nikaona barza, na mgongo wa mjukuu wangu. Akapiga ndoano teke. Akawasha.

Miaka yote nimeisikia mashini ile kupitia ukuta. Nilijua kisu kikiwa butu kabla mwenyewe hajajua. Sasa niliisikia inaimba, na chini ya wimbo kitu kinagonga, tik, tik, tik. Alikuwa ameshashika ubao wa kwanza.

"Simamisha!" Nilipiga kelele tunduni. "Simamisha! Mguu mmoja hauko chini!"

Akazima. Akachana karatasi ya daftari, akaipitisha chini ya kila mguu. Wa kwanza ilikwama. Wa pili, wa tatu, ilikwama. Wa nne ikapita yote. Gurudumu la pembeni halikupanda. Bawaba ilikuwa imekaza.

"Koko, umejua namna gani?"

"Nimelala upande huu wa ukuta miaka yote."

"Lete mafuta, basi."

Nikaleta mawese ya jikoni. Tonton akauliza kama mashini tutaila na majani ya pondu. Nikamimina kwenye bawaba, mjukuu akagonga kwa nyundo, gurudumu likapanda. Karatasi ikakwama miguu yote minne.

Nilikuwa nimeshageuka kurudi ndani. Hakuniita. Akawasha tu, akasukuma ule ubao wa mita tano, na kichwa chake kikaanza kutokea upande wa pili, kirefu, kinatetemeka, hakina mtu wa kukipokea. Tonton alinyoosha mkono auvute.

"Acha," nikasema. "Utauharibu."

Nikasimama mahali pake. Nikaushika, nikarudi kinyumenyume, barza yote, hadi uani, mpaka mkia ukatoka. Ubao uliotoka kwenye kisu unakuwa moto. Nikasikia kwamba ni moto.

Nikaulaza chini.

"Mwingine," nikamwambia.