Wafu Wasiokanyaga Ndagala

Siku ile ufukweni tulikuwa hawa: mimi, mdogo wangu wa kiume mwenye simu ya kioo kilichopasuka, mdogo wetu wa mwisho, msichana, ambaye ndiye peke yake aliyetakiwa kuwa hai, mzee anayekamua mawese nyuma ya soko la Rumonge, wavuvi wawili wa mtumbwi mmoja, na jirani yetu mjane, anayeanika ndagala zake, yaani dagaa wa ziwa letu, kando ya zangu. Mzee, wavuvi na mjane walikuwa wafu. Ninawataja wote kwa sababu filamu ilipoonyeshwa haikuwa na majina mwishoni. Mdogo wangu hakujua namna ya kuyaandika juu ya picha.

Yeye alikulia kwenye kibanda cha video. Baba alitangulia kufa, mama akafuata, na mimi nikaacha shule nikiwa darasa la sita nikaenda ufukweni kupakua ndagala. Kila alasiri mdogo wangu alipotelea kibandani, na filamu alizozipenda ni zile za kizungu za wafu wanaofufuka na kutembea. Mimi sikuziweza. Siku moja nilimwuliza kwa nini hizo, wakati filamu ziko nyingi.

"Yaya," alinijibu, maana hivyo ndivyo wadogo zangu wanavyoniita mimi dada yao, "kwenye filamu nyingine mtu akifa ndiyo basi. Hawa wanarudi."

Niliendelea kuchekecha unga.

Alipotaka kutengeneza filamu yake mwenyewe hatukuwa na cha kuwapa watu, akaamua kufanya kama wanavyofanya wakulima wa huku kwetu: ikibiri. Leo wote tunalima kwako, siku nyingine wote tunalima kwangu. Alipita kwa majirani akiahidi siku moja ya mikono yetu kwa siku moja ya kuwa mfu.

"Kufa iko kazi nzito kuliko kulima," alisema mzee wa mawese. "Mimi nataka siku mbili."

"Wewe mzee umebakiza kidogo tu," mjane alimwambia. "Shukuru, unapata mazoezi ya bure."

Tulichagua siku ya kuanika, kwa kuwa siku hiyo watu wa ndagala wako ufukweni tangu asubuhi, wakizigeuza na kufukuza kuku. Lakini zangu za siku ile hazikuwa ndagala za kila siku. Giza lote la mwezi, wakati mitumbwi inapotoka na taa, nilikuwa nimepakua na kuosha nyavu za watu, nikalipwa kwa samaki. Mdogo wetu wa mwisho alikuwa amefukuzwa shuleni kwa sababu ya minervali, ile ada ya muhula. Ndagala zile zikikauka vizuri, angerudi darasani. Zikilowa, angekuja ufukweni kufanya kazi na mimi, na nilikwisha kujiapia kwamba katika nyumba yetu mmoja anatosha.

Nyuso tulizipaka unga wa muhogo. Damu ilikuwa mawese, na nzi wote wa Rumonge walipata habari.

"Mutoto, hii damu iko tamu," mzee alisema akilamba kidole.

"Usilambe, mzee! Umeshakufa!"

"Kwani mfu hana njaa?"

Waliingia ziwani mpaka shingoni, kisha wakaanza kutoka mmoja mmoja, mikono mbele, wakikoroma. Maji yaliukoroga ule unga usoni.

"Nimekuwa bugali," mjane alilalamika. "Nileteeni mboga ya lengalenga."

Mdogo wetu wa mwisho alikuwa amesimama upande wa barabarani, tayari kupiga kelele na kukimbia. Kati yake na wafu zilikuwa ndagala zetu, zimetandazwa juu ya nyavu kuukuu. Hakuna aliyekuwa amelifikiria hilo. Wafu walifika ukingoni mwa ndagala wakainua miguu kama watu wanaoingia nyumba iliyodekiwa. Mvuvi mmoja alimshika mwenzake mkono asije akateleza akazikanyaga. Mjane aliinama, bado anakoroma, akageuza fungu lililokuwa limekauka upande mmoja tu.

"Simameni!" mdogo wangu alipiga kelele. "Wafu hawaogopi ndagala!"

"Sisi tumekufa," mjane alimjibu, "hatujapata wazimu."

Walirudia, na wakarudia tena, na kila mara miguu yao ilikataa.

Mimi nilikuwa juu barabarani, nazuia wapita njia wasiingie kwenye picha. Kutoka kule niliona milima ya Kongo haipo tena. Milima ile ikipotea mchana, mvua haiko mbali. Niliteremka mbio nikiita, lakini mchanga ulikuwa mrefu, na matone ya kwanza yalinikuta njiani.

Nilipofika, wafu walikuwa wameshika ncha za nyavu zangu. Unga ulikuwa ukiwachuruzika mashavuni, mawese yakiwatiririka mpaka viwikoni. Mjane ndiye aliyekuwa akiamuru: "Za mutoto wa shule kwanza! Kunja! Vuta huku, mzee, usilale!" Mdogo wangu naye alikuwa kati yao, simu ameiacha imefungwa kwenye kijiti. Walizikunja zote na kuziingiza chini ya banda. Nikageuka kutafuta za mjane. Maji yalikuwa yameshapita juu ya ndagala zake, yakizisukuma kurudi ziwani. Tulizookota ziliishia kuwa chakula cha kuku.

Mdogo wangu alilia akisema filamu imekufa. Jioni alifungua simu akakuta ilikuwa inarekodi muda wote: wafu wanakimbia kwenye mvua, wanaokoa ndagala za watu walio hai. Akaifanya picha ile kuwa mwisho wa filamu.

Kibandani watu walicheka wafu walipoinua miguu. Ilipofika mvua, mwenye kibanda alitakiwa airudishe sehemu hiyo. Siku hizi watoto wa ufukweni wanaucheza ule mchezo, wakikoroma na kuruka ndagala bila kuzigusa, na akina mama hawawafukuzi. Mdogo wangu anaitwa kupiga picha za harusi mpaka Gitaza. Yule wa mwisho yuko shuleni, na amesema filamu ijayo majina atayaandika yeye.

Ikibiri tumelipa. Kwa mzee tulikamua mawese siku mbili kama alivyotaka, na kwa wavuvi tulishona nyavu. Kwa mjane nilipeleka kikapu cha ndagala zilizokauka. Alikirudisha mlangoni kwangu.

"Binti yangu, mvua hailipwi kwa samaki," alisema. "Siku ikinyesha na zangu ziko mchangani, wewe acha zako, kimbilia zangu."

"Yego, mama," nilimkubalia.

Tangu hapo nikianika sikai mbali naye, na kila ninapoinua kichwa natazama kwanza milima ya Kongo. Bado iko mahali pake, na jua linawaka. Yeye anageuza zake, mimi nageuza zangu, na ninamdai Mungu mvua moja tu, fupi, mchana, wakati niko karibu.