Mgeni wa Mjane Pruitt

Wakili Lemuel Stroud aliingia bunge la jimbo, kule kando ya mto Missouri, kwa kura za wafuga farasi, naye akawalipa fadhila kwa sheria moja: mwizi wa farasi anyongwe. Baadaye akawa jaji wa kuzunguka na farasi wilaya hadi wilaya. Kila alipofika Dunmore alilala kwa mjane Keziah Pruitt, maana nyumba ya wageni ilikuwa hiyo tu.

Safari hii aliyeletwa kizimbani kwa wizi wa farasi alikuwa Asa, mtoto wa pekee wa Keziah. Stroud akatamka adhabu aliyoitunga mwenyewe.

Jioni aliranda nje ya mahakama mpaka mvua ikamrudisha kwa Keziah. Mkate wa mahindi ulikuwa mezani, na kitanda chake kimetandikwa.

"Kaa ule, Jaji. Au utalala na njaa?"

"Mama Pruitt, ile sheria..."

"Naijua." Akammiminia kahawa. "Siku ulipoihubiri hapo uwanjani tulikuja sote. Asa alikuwa mabegani kwa baba yake, anakupigia makofi."