Mama Aliyesahihisha Mchezo

Nilipofika Iringa kufundisha nilikuwa msichana bado, nimetoka kwetu Mbeya na sanduku la bati na sweta aliyonifumia mama. Shule ilikuwa ya misheni, ya wasichana watupu, juu ya kilima nje kidogo ya mji. Asubuhi ukungu uliingia hadi darasani, pamoja na harufu ya miti ya miwati iliyotoka kukatwa. Nilifundisha Kiswahili. Nyumbani wanafunzi wangu walisema Kihehe na Kibena, mimi Kinyakyusa, kwa hiyo Kiswahili kilikuwa kama nguo ya kuazima kwetu sote. Labda ndiyo maana tulikichezea bila woga.

Kila mwaka siku ya wazazi kulikuwa na mchezo. Neno tamthilia hatukuwa nalo bado. Sista mkuu aliuchukua kutoka kitabu chake, akautafsiri mwenyewe, nao ulijaa wafalme na theluji. Wazazi walipiga makofi kwa adabu tu. Mwaka wangu wa pili nilimwomba aruhusu wasichana waandike wa kwao.

"Wataandika nini?" aliuliza.

"Sijui, Sista. Nami nataka kuona."

Alinitazama, akacheka, akakubali.

Michezo ya kwanza ilikuwa na wafalme wale wale, na kila mmoja uliisha kwa kifo. Nikaacha kusahihisha. Nikawapeleka mtoni wanakofulia wanawake wa kijiji, nikawaambia wafue na wasikilize. Tulipokuwa tunapanda kurudi, mmoja akanikimbilia.

"Mwalimu, wale wawili wanagombea sabuni, lakini hakuna aliyeitaja sabuni!"

"Haya," nikamwambia, "huo ndio mchezo."

Tangu siku ile nikawa nawaomba jambo moja: wasiniambie mtu amekasirika, wampe kazi ya kufanya, nami nitaona mwenyewe kwa mikono yake.

Palikuwa na mmoja mrefu, mkimya, kutoka upande wa Idodi. Baba yake alikwenda Chunya kuchimba dhahabu, akanyamaza huko. Msichana huyo aliandika juu ya mama anayetwanga mahindi. Shemeji zake wawili wanakuja kumwambia kwamba mumewe ameoa mwanamke mwingine Chunya. Mama anaangusha mchi, anaanguka chini, analia, pazia linafungwa. Alitusomea darasani. Tukauchagua huo.

Siku ya wazazi tulitundika mablanketi ya bweni yawe pazia. Mashemeji walibandikwa ndevu za manyoya ya kondoo, mmoja amevaa koti la katekista lililomfika magotini. Mama wa mwandishi alikuja, akakaa mkekani mbele kabisa, amejifunga kaniki. Mchezo ulikwenda vizuri mpaka msichana aliyekuwa mama alipojitupa chini na kuanza kulia. Mwanamke yule akasimama.

"Hapana," alisema. "Sikuanguka mimi."

Watu wote wakageuka. Sista akainuka nusu kwenye kiti chake. Nikamshika mkono, nikamwomba asubiri kidogo.

Mama alipanda jukwaani taratibu, akamwinua yule mtoto, akachukua mchi.

"Haya mashemeji, njooni tena. Semeni."

Ndevu zikitetemeka, wasichana wawili walirudia maneno yao. Mama alikuwa anatwanga. Hakuinua macho. Walipofika kwenye habari ya mke wa Chunya, alitwanga vile vile, kisha akasema, "Shemeji, sogeeni. Mnanizibia mwanga."

Watu wakacheka. Akaendelea kutwanga. Kicheko kikafifia chenyewe, na ukumbi mzima ukabaki na mlio wa mchi peke yake. Wanawake waliokaa nyuma walianza kujifuta macho kwa ncha za khanga.

Baadaye niliwakuta mama na binti nyuma ya darasa.

"Mama, mimi nakumbuka kilio," binti alikuwa anasema. "Nakikumbuka kabisa."

"Kilikuwepo," mama akajibu, akimtoa uzi begani. "Aliyelia ulikuwa wewe, mwanangu."

Msichana akanigeukia. Nikamwuliza, "Basi huyo mtoto yuko wapi katika mchezo wako?"

Alikuwepo kesho yake jioni. Msichana aliketi kwenye ngazi ya jiko langu, akaandika upya: mama anatwanga, na pembeni binti analia kwa niaba ya nyumba nzima. Sikumsaidia hata neno. Nilimpikia uji.

Likizo ile Sista alitupa lori la misheni, tukaupeleka mchezo Mbeya, kwenye ukumbi wa kanisa letu la nyumbani. Tulifika tumejaa vumbi, baridi imetukausha midomo. Miongoni mwa waliokuja walikuwemo wanaume waliotoka machimboni Chunya. Hao ndio waliocheka kwa nguvu mashemeji walipoingia, na ndio walionyamaza kwanza. Mmoja alikuja kwetu tulipokuwa tunakunja mablanketi, akamwuliza mwandishi, yule mama wa mchezoni anaishi wapi.

"Ni mchezo tu, baba," msichana alijibu.

"Najua." Alizungusha kofia yake mikononi. "Mimi mke wangu yuko Njombe." Akaivaa, akatoka.

Kama alikwenda Njombe, sikupata kujua. Baba wa msichana hakurudi. Mama yake aliendelea na shamba lake, akawasomesha na wadogo wa msichana.

Msichana mwenyewe alikuja kuwa mwalimu, na miaka mingi baadaye alinialika shuleni kwake. Nilikaa nyuma, kwenye benchi la watoto, magoti yamenifika kidevuni. Wanafunzi wake walicheza mchezo wao wenyewe, wa ng'ombe wa mahari aliyegoma kuvuka mto huku wazee wa pande zote mbili wakimbembeleza kwa majina ya heshima. Yeye alisimama pembeni, mikono nyuma, midomo ikifuata kila neno lao. Nilicheka hadi mtoto aliyekaa jirani yangu akanipa leso yake.