Nafasi Kati ya Ukuta na Bati

Mimi ni fundi wa umeme hapa Kasongo, na sioni haya kusema kwamba ni fundi mzuri. Nyumba nilizotia waya hazijawahi kuungua. Nasema hivyo mapema kwa sababu jambo ninalolisimulia lilinipata nikiwa na ujuzi wangu wote, akili timamu, na bisibisi mfukoni.

Dada yangu mkubwa, ninayemwita Yaya kama wadogo wote wa huku wanavyowaita wakubwa wao, anapika chakula cha kuuza. Jiko lake liko nyuma ya nyumba aliyotuachia baba: kuta za matofali, bati juu, mlango mmoja wa mbao, na ndani majiko mawili ya makaa yasiyopoa tangu alfajiri mpaka saa tisa mchana. Wali, sombe ya majani ya muhogo, samaki wa kukaanga kutoka mtoni Nyangwe. Chakula hicho ndicho kilichonisomesha baada ya mama kufa, na moshi wake ndio uliomharibu Yaya kifua. Ilifika mahali akawa anakohoa huku ameshika ukuta asianguke. Muuguzi alimwambia achague, moto au kifua. Yaya akamuuliza kama yeye angeacha sindano, akarudi kukaanga samaki.

Nilimkasirikia sana siku hiyo. Kisha nikakumbuka ile mashine ya Salamabila.

Kule Salamabila kuna tajiri wa dhahabu aliyejenga nyumba yenye jiko la kizungu, na mimi ndiye niliyemfungia juu ya jiko hilo mashine ya kuvuta moshi. Ni bati linalong'aa, lenye umbo la faneli iliyopinduliwa, na feni ndani yake. Mkewe hakuiwasha hata siku moja. Alipika uani na wenzake, na jikoni akaweka magunia ya mchele. Nilipokwenda tena kutengeneza taa zake, tajiri akaniambia niichukue kama nina pa kuitundika. Niliifunga nyuma ya pikipiki kwa blanketi na kamba za mpira. Njiani, pale Wamaza niliposimama kunywa maji, watu waliizunguka wakauliza ni kitu gani. Nikawajibu kwamba ni kofia ya jiko. Walinicheka mpaka nikaondoka.

Yaya naye aliitazama kwa mashaka.

"Hii kofia iko nzito," alisema. "Isiniangukie mu sahani ya watu."

"Haitaanguka, Yaya. Niko naifunga mimi."

Na kweli niliifunga. Matofali yetu ni ya udongo wa hapa, skrubu peke yake haishiki, kwa hiyo nilitoboa ukuta mpaka upande wa pili na kupitisha vyuma vyenye nati. Niliipandisha juu kuliko kwa tajiri, kwa sababu makaa hurusha cheche, na cheche ikikutana na mafuta yaliyoganda kwenye chujio la ndani yake inawasha moto. Nilimfundisha kulitoa chujio kila Jumamosi na kuliosha kwa maji ya moto na majivu. Bomba la kutolea moshi nililipeleka nje moja kwa moja, bila kona. Umeme nilitoa kwenye paneli mbili za jua zilizokuwa zikinichajia simu za wateja, kupitia betri na inveta inayougeuza uwe umeme wa nyumbani. Waya niliupitisha mbali na joto, ndani ya mpira mgumu, na karibu na mlango nikaweka swichi inayokatika yenyewe hitilafu ikitokea.

Kabla ya kumkabidhi nilizima kila kitu, nikakagua viungo, nikawasha na kugusa bati la mashine kwa testa, ile bisibisi ya kupimia umeme. Kitaa cha testa kikawaka, hafifu sana. Mwingine angesema si neno. Lakini Yaya hupika miguu mitupu, na kila asubuhi humwagia sakafu maji ili vumbi litulie. Mtu wa namna hiyo akigusa bati lenye umeme, mazungumzo yameisha. Nikazima tena. Nilichimbia chuma kirefu nje ya ukuta, mahali anapomwaga maji ya mchele na ardhi haikauki, nikakiunganisha na bati kwa waya mnene. Nikawasha, na kitaa cha testa hakikuwaka. Kisha nikagusa mimi mwenyewe, kwa mgongo wa mkono, maana kiganja kikipigwa na umeme hufumba na kushikilia.

Mashine ikavuma, na moshi ukapanda ndani yake. Yaya alisimama chini yake mikono kiunoni, akacheka bila kukohoa. Nilijisikia mtu mkubwa.

Kilichonikera ni upepo. Baba alipojenga aliacha nafasi ya kama shibiri mbili kati ya ukuta na bati, kuzunguka jiko zima, kama majiko yote ya kwetu. Upepo uliingia hapo ukasukuma moshi kando kabla mashine haijaunyaka. Kwa tajiri hapakuwa na nafasi ya namna hiyo, kuta zilifika juu. Basi nikaleta matofali na udongo, nikaziba pande zote nne. Jiko likapendeza. Wateja waliingia kulitazama, na mimi nikawaeleza hata wasiyoyauliza.

Wiki ya pili mvua kubwa ilianguka asubuhi, ya upepo, ikipiga mlangoni. Yaya akafunga mlango ili maji yasiingie kwenye makaa. Mimi nilikuwa upande wa mbele, chini ya turubai, nikila na wateja. Nikasikia sauti ya mashine imebadilika, imekuwa nyembamba, inajikaza. Sikio langu lilisikia vizuri. Akili yangu ikasema betri. Nikainuka, si kwenda jikoni, bali kwenye chumba cha betri, na huko nikakaza nati zilizokuwa zimeshakazwa. Dakika hizo ndizo zinazoniuma mpaka leo.

Betri ilikuwa nzima. Nikakimbia kwenye mvua mpaka jikoni, nikavuta mlango, nao ukagoma kidogo kana kwamba kuna mtu ndani anauvuta kwake. Hapo nikaelewa yote kwa mara moja. Mashine ilikuwa inatafuta hewa na haina pa kuipata. Nilikuwa nimemfungia dada yangu kwenye sanduku pamoja na makaa ya moto, na sumu ya makaa haina moshi wala harufu ya kumwonya mtu.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda, kichwa juu ya magoti, mwiko mkononi. Nilimwita, hakujibu. Nilimbeba mpaka nje, nikamlaza kwenye tope, mvua ikimpiga usoni, nikamwita tena na tena nikilia kama mtoto. Akatapika. Kisha akafungua macho.

"Kichwa yangu inapasuka," alisema.

Kwenye zahanati walimweka mpaka jioni. Nilikaa kando ya kitanda nikimwambia kwamba kesho yake asubuhi ningeing'oa ile mashine na kuitupa. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Baba aliacha ile fasi wazi," alisema polepole. "Weye ukaiziba. Mashine usiitoe. Toa matofali."

Nikayatoa siku hiyohiyo, kwa nyundo na kwa mikono. Upande ulio nyuma ya mashine tu ndio niliouacha, ule unaoleta upepo mbaya. Pande tatu zikabaki wazi kama alivyotaka baba. Mlango nao nikaukata chini, hewa iingie hata ukifungwa.

Tangu hapo nimefunga mashine nyingine tatu, na nimezifunga vizuri. Nikiingia kwenye jiko la mtu, kabla ya kuuliza umeme unatoka wapi, nauliza hewa inaingilia wapi. Yaya hajapona kabisa, lakini asubuhi namsikia akiimba kabla sijamsikia akikohoa.

Wateja wakisifu jiko lake, huwaambia, "Ni mudogo wangu alilifanya. Ule ni fundi kabisa." Habari ya siku ya mvua hajawahi kumwambia mtu yeyote. Nawaambia mimi.