Kipa wa Suruali Ndefu

Harufu ya mabibo yaliyoiva mpaka yakaanza kuchacha ndiyo inayonirudisha kwenye uwanja wetu wa mpira pale Kilangala. Sisemi ni harufu nzuri. Mtu wa mjini angeziba pua. Lakini mikorosho iliuzunguka uwanja ule pande tatu, na ligi ya daraja la chini ilikuwa ikimalizika wakati wa mavuno, kwa hiyo kila mpira uliotoka nje ulirudi umelowa maji ya mabibo, na madoa ya mabibo hayatoki kwenye nguo hata uyaombee dua. Upande wa nne, pale pale penye kona, ilikuwapo nyumba ya bibi yangu mzaa mama, na baraza lake, na mkeka wake wa kuanikia korosho. Kati ya mkeka ule na kibendera cha kona palikuwa na hatua chache tu, na hizo hatua chache, jamani, nusura zitutenganishe na baba yetu.

Timu yetu iliitwa Tupendane. Jina lenyewe lilikuwa kichekesho, maana wachezaji waligombana kuanzia kugawana jezi mpaka kugawana machungwa ya mapumziko. Kipa alikuwa baba yangu. Hakuwa mzaliwa wa pale. Alizaliwa Mtanda, Lindi mjini, akaja Kilangala kumwoa mama, na kwetu mwanamume akioa huhamia kwa kina mke. Alilima mikorosho ya ukoo wa mama, akajenga kwenye kiwanja cha ukoo wa mama, akazaa watoto wa ukoo wa mama, na bado wenye maneno yao walimwita mtu wa kuja. Akiwa golini hawakumwita hivyo. Alikuwa na mikono mirefu na utulivu kupita kiasi, na alidaka akiwa amevaa suruali ndefu ya kaki. Timu ngeni zikifika zilicheka mpaka zikaketi chini. "Mwalimu mkuu! Mwalimu mkuu kaja kukagua daftari!" Sisi hatukucheka. Sisi tulijua kuwa nyumba ile ya pale kwenye kona ni ya mama mkwe wake, na mwanamume gani mwenye adabu atamwonyesha mama mkwe magoti yake? Weee! Afadhali afungwe magoli kumi.

Niwaeleze ninyi mliozaliwa juzi. Heshima ya mkwe siku hizo haikuwa ya kusema "mama, naomba chai." Baba akikutana na Bibi njiani, alitoka kwenye njia, akasimama majanini, akainamisha kichwa mpaka Bibi apite. Alimwamkia kwa mbali, uso ameuelekeza pembeni, na Bibi aliitikia akitazama pengine kabisa. Hawakula pamoja, hawakupeana mkono, hawakutazamana machoni. Na msidhani walichukiana. Samaki akipatikana, kipande kizuri kilikwenda kwa Bibi, Bibi naye akipika mkate wa kumimina, mimi ndiye niliyetumwa kuupeleka kwa "yule mtu wenu." Walipendana vizuri sana, kwa kukwepana.

Sasa msimu ule tulianza kufungwa magoli ya ajabu. Ugenini baba alidaka kila kitu, lakini nyumbani, akisimama lango lile la karibu na kwa Bibi, mpira ukija kutoka upande wake wa kulia, upande wa kona ile, unamkuta ameinama kama anayetafuta sindano. Goli. Mechi nyingine, hivyo hivyo. Watu walisema lango limerogwa. Wakalichimba chini ya miti yake, wakatoa mfupa wa mbuzi uliozikwa na mbwa bila nia mbaya yoyote, wakaushangaa na kuuchoma. Wiki iliyofuata tukafungwa tena. Basi wakaacha kulaumu mbwa wakaanza kumlaumu baba. Wakasema anauza mechi. Na mechi ya mwisho, tuliyohitaji japo sare ili tusishuke daraja, ilikuwa dhidi ya vijana wa Mtanda, kwao baba. Hapo ndipo maneno yalipopata miguu.

Kiongozi wa timu alikuwa mjomba wangu Saidi, kaka mkubwa wa mama, na kwetu mjomba ndiye mwenye kauli juu ya watoto wa dada yake kuliko hata baba yao. Alikuja nyumbani jioni moja, akakataa kuketi. Alimwambia baba, "Shemeji, tukishuka daraja kwa goli lako, begi lako unajua lilipo." Hakupandisha sauti. Begi lile la buluu, alilokuja nalo baba kutoka Mtanda, lilitundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango, na hakuna kati yetu aliyewahi kulifikiria. Tangu jioni ile sikuweza kufikiria kingine. Akiondoka, anaondoka peke yake. Mama na sisi ni watu wa Kilangala, tutabaki. Mama hakulia mbele yetu, ila alisahau kutia chumvi kwenye mboga, siku baada ya siku, na baba alikula hivyo hivyo. Asubuhi nilikuwa nikiamka naangalia msumari kwanza, kisha ndipo nanawa uso.

Siku ya mechi Mtanda walikuja na lori, ngoma juu, na matusi ya kutosha. Kijiji kizima kilihama shambani. Kipindi cha kwanza baba alisimama lango la mbali, na haki ya Mungu alidaka kama siku hizo za zamani. Sisi tukapata goli moja la kubahatisha, mpira ukimgonga beki wao mgongoni. Watu walikumbatiana. Mimi nilikimbilia kwa Bibi, maana nilijua kipindi cha pili baba anahamia lango la kwa Bibi.

Bibi hakuwahi kutazama mpira hata siku moja. Baba akiwa uwanjani, yeye alifanya kazi zake barazani akiwa amempa kisogo, au aliingia ndani. Mara nyingine alitoka kugeuza korosho mkekani na kurudi, macho chini, kwa adabu zake. Lakini siku ile alikuwa amesikia habari ya begi. Hakuweza kukaa ndani. Alitoka, akasimama kando ya mkeka, na kwa mara ya kwanza akainua macho kutazama uwanja. Mimi nilikuwa nimemshika kanga. Winga wa Mtanda alikuja mbio upande wetu, baba akageuka kumfuata mpira, akamwona Bibi amesimama pale, na palepale, bila kufikiri, kichwa chake kikaenda chini. Kama njiani. Kama majanini. Mpira ukampita ubavuni ukaingia wavuni.

Kelele! "Kauza! Kauza!" Mjomba Saidi akaingia uwanjani akienda moja kwa moja kwa baba, refa anapuliza filimbi na hakuna anayemsikia. Baba alisimama tu, mikono imelegea, hakujitetea. Angejitetea kwa lipi? Aseme mbele ya watu wote kwamba mama mkwe wake ndiye sababu? Angekubali kuitwa mwizi kabla ya kumtaja. Ndipo nikasikia sauti ya Bibi, sauti niliyozoea ikiita kuku.

"Saidi! We Saidi! Rudi hapa!" Mjomba akasimama. Akarudi, mtu mzima mwenye ndevu, mbele ya kijiji na wageni. Bibi akamwambia, na kila mtu akasikia: "Mkwe wangu hakuuza kitu. Kaniona mimi, kaniinamia. Msimu huu nimehamishia mkeka wangu hapa, nakwenda na kurudi na korosho zangu, mtoto wa watu ananiinamia, ninyi mnamwita mwizi! Hivi hata macho hamna?" Baba kule golini alikuwa amegeukia nguzo, uso kwenye kiganja, kwa aibu ya kutajwa. Kutoka upande wa mashabiki wa Mtanda, mzee mmoja akasema kwa sauti, "Huyo ndiye tuliyemlea sisi," na wenzake wakapiga makofi. Mimi nilitaka kuruka, nilitaka kulia, nikafanya vyote viwili.

Kisha Bibi akafanya jambo ambalo Kilangala bado wanalisimulia. Angeweza kuingia ndani, lakini aliketi palepale mkekani, juu ya korosho zake, akaupa uwanja mgongo, akajifunika kanga kichwani mpaka begani. Akanivuta nikae naye, mimi nikitazama uwanja. "Mke mwenzangu," akaniambia, maana ndivyo alivyonitania siku zote, "wewe ndiye macho yangu. Nieleze."

Nikaeleza. Nilieleza kila pasi, na nyingine nilizitunga kwa woga. Mwishoni kabisa Mtanda wakapata kona, na kona yenyewe ilikuwa ile ile yetu. Mpigaji akaja, kijana mrefu, akaweka mpira, akaona hana nafasi ya kukimbilia. "Shikamoo, bibi. Naomba unipishe kidogo."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hapa ni kwangu. We piga tu."

Kijana akacheka, akarudi nyuma nusu hatua. Bibi akaninong'oneza, "Mkwe wangu anafanya nini?"

"Anatazama, Bibi."

"Wapi?"

"Huku kwetu."

"Na kichwa?"

"Kiko juu."

Mpira ukapigwa, ukapanda, na mimi nikasahau kazi yangu mpaka Bibi aliponifinya paja. "Sema, we mtoto!" Baba alikuwa ameruka katikati ya vichwa vyote, suruali yake ya kaki imetuna upepo, na mpira ulikuwa kifuani pake. "Kaudaka!" nikapiga kelele. "Kwa mikono miwili?" "Miwili, Bibi, miwili!" Filimbi ya mwisho ikalia. Bibi akasema "Alhamdulillahi," akajivutia kanga usoni kabisa, mabega yakawa yanamtikisika, na mpaka leo sijui alikuwa akilia au akicheka. Sare. Tulibaki kwenye daraja letu la chini, la chini kabisa, na kijiji kilishangilia kama tumechukua kombe la dunia.

Mjomba Saidi hakuwa mtu wa kuomba radhi. Wiki ile ile alikuja na panga, fito na makuti, akajenga ua mrefu kati ya nyumba ya Bibi na kona. Baba akamsaidia kufunga kamba upande wa pili. Mama akapika wali, na chumvi ilikuwa sawa.

Leo mkwe wangu mwenyewe huja kwangu na kaptula, ananipa mkono, ananiita "mama kijana," na Jumapili tunakaa kochi moja tukitazama mpira kwenye luninga, tukigombana kuhusu refa. Nampenda, na nashukuru kwamba hakuna atakayemfukuza kwa sababu ya goli. Sitamani ile hofu irudi. Ila akipita mbele yangu na hayo magoti yake, mimi hugeuza uso kidogo, na binti yangu hunicheka.

Bibi ametangulia mbele ya haki, na ua wa makuti ulishaoza zamani. Baba amezeeka, yupo palepale Kilangala, na akipita kwenye kona ile hutoka njiani, akasimama majanini kidogo, kisha akaendelea. Nami nikienda kuwaona, hata kabla sijasema shikamoo, jicho langu huenda kwanza nyuma ya mlango. Begi la buluu bado liko msumarini. Mama amelijaza mbegu za ufuta, na zipu yake imeshika kutu. Haliwezi kwenda popote.