Mkojo Hautajwi Mbele ya Mkwe

Muuguzi Ghati ana mdomo, na sisi tunaofanya naye kazi idara ya dharura hapa Musoma tumeshauzoea. Anakaa Makoko, analea wajukuu, na kwenye kwaya anaimba kwa nguvu mpaka mwalimu amekata tamaa ya kumtuliza. Lakini mimi nampenda kwa jinsi anavyowahudumia wanaume wenye shida ya mkojo. Wanaume wa huku wako radhi kufa kuliko kuitaja, na wengine hufa kweli.

Juzi mzee Bernado aliletwa kutoka Bukima na Enos, mume wa binti yake. Mzee alikuwa amejikunja, jasho linamtoka, hakai wala halali.

"Tumbo tu," alisema. "Ni ugali wa jana."

Enos aliangalia dari. Ghati akawatazama wote wawili, akaelewa. Baba mkwe na mkwe hawazungumzii mambo ya chini ya kitovu. Ndiyo heshima yetu, na siku za kawaida naiunga mkono.

"Kijana, nenda mapokezi ukamalizie faili la mzee."

"Mke wangu alisema nisimwache."

"Mke wako yuko hapa? Nenda!"

Ghati akavuta pazia, akainama karibu na mzee. "Baba, umekojoa lini?"

Machozi yakamtoka mzee. "Jana mchana, mwanangu. Nilikuwaga napata matone. Sasa hata tone hakuna."

Ghati alimpapasa chini ya kitovu: kibofu kimejaa, kigumu kama boga. Daktari alikuja, akauliza kuhusu homa, damu na ganzi ya miguu, akasema mpira wa kutolea mkojo uwekwe mara moja kabla figo hazijaumia. Mpira wa kwanza ulikwama. Niliogopa, nasema ukweli. Hawakulazimisha, daktari alichukua mwingine wenye ncha iliyopinda, akaongeza jeli ya ganzi, akausukuma taratibu. Mkojo ukashuka. Mzee akafumba macho, akamshukuru Yesu kwa sauti iliyosikika wodi nzima, nasi tukacheka naye.

Majibu ya figo yalirudi mazuri. Daktari akaeleza kwamba inaonekana tezi dume imevimba, kwa hiyo mzee aende nyumbani na mpira na mfuko wake wa mkojo, mfuko usiinuliwe juu ya kiuno mkojo usije ukarudi ndani, kisha arudi kliniki.

"Sawa," mzee alinong'ona, "ila mkwe asijue. Nitauficha ndani ya suruali."

Ghati akashika kiuno, akanitazama. Mfuko uliofichwa haumwagwi, na mpira usioangaliwa unaleta homa ya kuua. Tena kliniki angeletwa na nani, naye ni mjane, wanawe wa kiume wako mbali, na binti haambiwi mambo hayo?

Sauti ya Enos, aliyekuwa amerudi kutoka mapokezi, ikatoka nyuma ya pazia. "Sista, mwambie mzee kwamba baba yangu alikuwaga na shida hiyo hiyo. Alinyamaza, tukamzika."

Mzee aliutazama ule mfuko.

"Mwambie aingie," alisema mwishowe.

Enos aliingia kinyumenyume, uso ukielekea pazia, mkono mmoja ameunyoosha nyuma. Mzee akageukia ukutani, akamkabidhi mfuko.

"Mwambie asiuinue juu ya kiuno," mzee alisema.

"Mwambie nimesikia," Enos akajibu.