Nilichokiona chini ya Fairmont ya Uncle Perumal

Jamaa zangu, mmeshawahi kumwona mtu mzima anachomoa funguo za gari la watu, gari linaunguruma, halafu anazitupa kwenye mtaro wa maji ya mvua? Mchana kweupe, mbele ya mke wake?

Mtu huyo ni mimi. Naitwa Urbain. Tulieni niwaeleze, mkitaka kunicheka mcheke mwishoni.

Ilikuwa 2012, hapa Durban. Mimi na mke wangu Mireille tulipanga chumba Greyville. Yeye anasuka saluni, mimi ni fundi magari, tena fundi haswa. Lakini gereji niliyofanyia kazi ilikuwa imefungwa, nikaishia kulinda magari kwenye maegesho ya duka, nimevaa fulana ya kung'aa.

Kabla ya hapo tulikuwa tumempokea jamaa wa kwetu, kutoka Uvira, Kongo, anaitwa Elysée. Fundi pia. Alilala sakafuni kwetu miezi mitatu, nyuma ya pazia, mpaka akapata chumba chake. Nilimfundisha mji, nikampa hata spana zangu za akiba. Aliniita "grand", yaani kaka mkubwa.

Halafu akapata kazi.

Mzee mmoja Mhindi wa Overport, Uncle Perumal, alikuwa na gari, Fairmont ya mwaka 1971, injini V8, imelala uani kwake miaka. Alitaka ifungwe branch. Huku branch ni yale mabomba yanayotoa moshi kwenye injini kuupeleka kwenye ekzosi. Ukitoa ya kiwandani ukafunga ya kununua, injini inapumua, na gari linanguruma mpaka madirisha ya jirani yanatetemeka.

Hiyo ndiyo kazi niliyoiota tangu nishike spana. Akapewa Elysée.

Niliumia, siwadanganyi. Lakini kilichonimaliza ni bakuli.

Mireille alikuwa na bakuli la bati lenye mfuniko, la maua mekundu. Lilikuwa langu. Nikirudi kazini nalikuta mezani, limejaa. Wiki ya kwanza ya ile kazi ya Fairmont nikakuta chakula changu kwenye sahani ya plastiki.

"Bakuli iko wapi?"

"Nimemupelekea Elysée sombe. Anashinda kule bila kula."

Na mimi ninayeshinda juani je? Sikuuliza. Nilikula, nikaiosha ile sahani mwenyewe.

Kuanzia hapo nikawa mpelelezi ndani ya nyumba yangu. Simu ikilia, Mireille anatoka nje. Akirudi ana tabasamu ambalo sikulisababisha mimi. Siku moja nilimsikia kwenye ngazi anamwambia mtu kwa sauti ya chini: "Urbain asijue kwanza."

Nikajua basi, yameisha.

Jumamosi moja Elysée akanipigia.

"Grand, nimemaliza. Njo uangalie kama iko bien. Siwezi kutembeza hii motokari kama wewe haujaona."

Nilienda. Nikalala chali juu ya kadibodi pale uani, mbele ya karakana ya mzee, nikaingia chini ya gari na tochi.

Kazi ilikuwa safi, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Gasketi mpya, bolti zote zimekazwa sawasawa, hakuna pa kukosoa.

Halafu nikaona.

Branch ile ilitengenezwa kwa ajili ya gari la usukani wa kushoto. Kwetu Kongo usukani uko kushoto, Elysée amekulia humo, wala hakuwaza. Huku uko kulia, na vitu vyake vyote viko kulia. Bomba moja lilipogusa shafti ya usukani, alilipasha moto wa gesi, akalibonyeza kidogo, likapita. Lakini paipu ya breki hakuiangalia. Ilikuwa imepakana na bomba hilohilo, katikati hapaingii hata kidole.

Fundi wa huku anajua maana yake. Bomba likipata moto, mafuta ya breki yanachemka. Yakichemka, unakanyaga breki unakanyaga hewa. Na kutoka Overport kuja Greyville ni mteremko, unaishia kwenye robot, yaani taa za barabarani, penye magari na watu.

Nikazima tochi. Nikaikumbuka ile sauti ya kwenye ngazi.

"Grand, unaona je?"

"Iko bien," nikasema.

Nilijiambia atagonga ukuta wa mtu tu, aaibike, arudi kuwa mdogo wangu. Ndivyo nilivyojiambia.

Elysée akaiwasha, akazunguka nayo mitaa ya tambarare robo saa, akarudi anacheka mwenyewe. Mimi nimesimama getini, sijui nasubiri nini.

Ndipo Mireille akatokea barabarani na lile bakuli.

Uncle Perumal alikuwa na furaha ya mtu aliyerudishiwa ujana. Akamwambia Elysée ampeleke mama nyumbani, tulisikie gari kwenye mteremko. Mireille akapanda kiti cha mbele, bakuli mapajani.

Cha kwanza kunijia kilikuwa wivu, naapa. Mke wangu amekaa kando ya Elysée kama ndiye mumewe. Ikapita sekunde nzima ndipo nikakumbuka paipu.

Sijui nilifikaje. Nikaingiza mkono dirishani kwa Elysée, nikazima gari, nikachomoa funguo, nikazirusha mtaroni.

"Eish, Urbain, uko muzima kweli?" Mireille alisema. "Ni wivu gani hii mbele ya watu?"

"Elysée, kanyaga breki."

Akakanyaga. Mguu ukaenda mpaka chini. Akakanyaga tena, vilevile. Akanitazama.

"Grand, uliona?"

Uncle Perumal akasogea, akaniuliza kwa Kiingereza, taratibu: "Ulilala chini ya gari langu, ukaona hii, ukasema iko sawa?"

"Ndiyo, Uncle."

"Sasa sielewi. Elysée aliniambia kazi hii ni yako. Yeye mikono tu, fundi ni wewe, ila tangu gereji ifungwe unaona aibu kuomba kazi. Nina marafiki watano wenye magari kama hili. Leo nilitaka kukukabidhi hiyo karakana ya uani."

Nikamgeukia Elysée. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Ni Maman Mireille alipanga," akasema. "Alisema tukikuambia mwanzo utakataa juu ya kiburi. Heri uangalie kazi mwisho, mzee akusifu, utakubali."

Kazi niliyoiacha iharibike ilikuwa yangu. Bakuli, simu, tabasamu, yote yalikuwa kwa ajili yangu. Nilitamani ardhi inimeze.

Karakana alipewa Elysée. Mzee alisema huyo anaweza kufundishwa.

Mimi na Mireille tulishuka mteremko wote kwa miguu. Karibu na uwanja wa mbio za farasi akasimama.

"Urbain, nikuulize. Kama Elysée angekuwa mle ndani peke yake, ungemusimamisha?"

Nikampokea lile bakuli, nikatangulia kutembea.

Miaka mitatu imepita. Tungali pamoja, tunacheka hata, lakini hajawahi kuniuliza tena na mimi sijawahi kujibu.

Ndugu yangu unayesoma hapa huku unamchunguza mwenzako simu, nakushauri kitu kimoja: muulize. Muulize hata kama sauti inatetemeka, hata kama unaogopa jibu. Mimi niliogopa kuuliza swali dogo la bakuli, nikaishia kuulizwa swali ambalo mpaka leo siwezi kulijibu nikiwa namtazama mke wangu machoni.